Hesabu Pumzi Zake Mpaka Mia Mbili

"Baragumu linalia chini ya mnara," Boaz alisema, akagonga meza kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko. "Ni mwanaume. Anaita tai. Mke wake yuko sakafuni, anavuja damu. Kasiva, wewe ndiye uko zamu leo. Unamjibu nini?"

"Ngoja, mimi ningemwuliza kwanza..." Faisal alidakia.

"Sijakuuliza wewe. Kasiva! Anakulilia. Unamjibu nini?"

Nzembi alifumba macho. Kila Jumamosi saa nane mchana, Nzembi aliacha kuwa mwenye duka la kutoa kopi na kusajili laini pale Riruta Satellite, akawa Kasiva, mlinzi wa mnara katika mji wa Zimba. Alikuwa akiingia mpaka sauti inabadilika. Siku hiyo pia ilibadilika. Ikawa laini, ya ofisini, ya mtu aliyezoea kusema na waliopagawa.

"Baba, tulia. Usimwinue. Mfunike miguu, kisha uhesabu pumzi zake. Hesabu mpaka mia mbili. Kabla hujafika mia mbili, tai atakuwa mlangoni."

Audrey, msusi wa saluni ya jirani, alipiga makofi.

"Wueh! Nzembi unajua kudanganya mtu vizuri! Hata mimi nimeanza kuhesabu."

Faisal alicheka. Boaz hakucheka. Alikuwa anaangalia daftari lake kama mtu aliyesahau kusoma.

"Msimulizi," Faisal akamwita. "Buda! Tai anakuja ama haji?"

"Tutaishia hapo leo," Boaz alisema.

"Ati nini? Saa tisa bado!"

"Nimesema tutaishia hapo."

Wewe ambaye hujui mchezo wenyewe, nikueleze haraka. Watu wanakaa mezani, hakuna ubao, hakuna skrini. Mmoja ni msimulizi. Analeta mji, analeta majoka, milango, njaa, wafalme wabaya. Wengine kila mtu ana mhusika wake, na msimulizi akishaeleza hatari, anawauliza wanafanya nini. Mtu akijaribu jambo ambalo laweza kushindikana, anatupa dadu. Basi. Mji wa Zimba ulikuwa na mnara, na mnarani palikuwa na tai mkubwa wa kubeba wagonjwa. Tai huyo Boaz ndiye alimtunga. Alijua kwa nini alimtunga, ila hakuwahi kumwambia mtu.

Boaz Nalianya ni fundi wa mbao, anakaa Gatwekera, kule Kibera. Shule aliacha darasa la sita. Mwaka jana aliitwa Satellite kupiga randa mlango wa duka la Nzembi uliokuwa unakwama, akawakuta wanacheza, akapiga randa mlango ule siku nne. Mlango wa siku moja! Mwisho Nzembi akamwambia, "Fundi, kaa chini tu, wacha kuumiza mbao."

Akakaa. Baada ya miezi miwili akawa yeye ndiye msimulizi, maana mdomo anao. Lakini mwanzoni alikuwa mbaya. Alikuwa anasimulia kama mhubiri, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na wenzake wanapiga miayo. Nzembi ndiye alimfundisha.

"Boaz, kama hadithi umeshaimaliza kichwani, nenda uandike kitabu. Hapa leta mlango na hatari iliyo nyuma yake. Sisi ndio tunaamua kama tutaufungua."

"Na mkiniharibia mpango?"

"Hapo ndipo mchezo unaanza."

Tena alikuwa anatupa dadu kwa siri, nyuma ya daftari, ili asimuue mhusika wa mtu. Nzembi akaleta kifuniko cha sufuria, akakiweka katikati ya meza.

"Kuanzia leo dadu zinaangukia hapa. Kila mtu aone. Usituonee huruma. Kama hakuna anayeweza kufa, tunaogopa nini?"

Mwanamke anayekuambia hivyo, wewe mjane wa mwaka mmoja, utafanya nini? Boaz alipenda. Alipenda kichwa kizima na miguu yote. Na Nzembi akapenda. Mambo yakafika mahali wazee wa Boaz walikuwa wapande gari kutoka Bungoma waje Kawangware, nyumbani kwa mama yake Nzembi, wapeleke mbuzi wa ntheo, mbuzi wa posa, kama Wakamba wanavyotaka. Zilibaki wiki mbili.

Sasa mwanamke huyo huyo alikuwa amesema mia mbili.

Siku Joan alipofariki, mke wa Boaz, ilikuwa mchana, mvua imekata njia. Mimba ilikuwa imeharibika na damu imekataa kusimama. Boaz alikuwa na mkokoteni wake wa mbao pale nje. Angemlaza juu, angesukuma mpaka barabarani, angefika. Lakini mtaa ulikuwa na ambulansi, imeletwa na wafadhili, imepigwa picha, imekatwa utepe, na namba ya simu imeandikwa kwenye kila ukuta. Akapiga. Mwanamke akapokea. Akamwambia asimwinue mgonjwa. Akamwambia amfunike miguu, ahesabu pumzi, kabla ya mia mbili gari litakuwa mlangoni.

Alihesabu mia mbili mara saba. Mara ya nane alifika arubaini na tatu.

Jambo hilo la kuhesabu hakumwambia mtu yeyote duniani. Kwa mazishi alisema tu, "Gari halikuja." Kwa ofisi alisema, "Gari halikuja." Aliandika malalamiko, akaambiwa yanashughulikiwa. Akarudi, akaambiwa faili imehamishwa. Akarudi tena, akakuta anayehusika yuko semina. Wakubwa wa nchi hii wana semina nyingi kuliko makaburi. Na Murunga, mwenyekiti wa kamati ya afya, aliyekuwa na funguo za gari, bado alikuwa mwenyekiti, bado anatumwa salamu kila harambee.

Kwa hiyo chuki ya Boaz ilikuwa na jina moja, Murunga. Saa ile mezani ikapata jina la pili.

Walipokuwa wakirudi Kibera kwa miguu, Faisal alijaribu mara tatu kumchokoza aongee. Faisal ni kijana wa Kinubi, muuza viatu vya mtumba, mdomo haulali. Mara ya nne Boaz akasimama karibu na kibanda cha mahindi, akamwambia yote. Joan. Simu. Mia mbili.

Faisal akamsogeza pembeni. Kisha:

"Pengine ni maneno yanafundishwa. Huduma ya kwanza."

"Nimeuliza manesi wawili. Hakuna mahali mtu anafundishwa kuhesabu mpaka mia mbili."

"Sasa utafanya nini? Mwite, muongee."

"Siku ya vijana pale ukumbi wa Kambi Muru ni Jumamosi ijayo, si ndiyo? Walitualika tuonyeshe mchezo."

"Ndiyo. Na mgeni wa heshima ni..." Faisal akatikisa kichwa. "Zii, buda. Zii."

"Ni Murunga. Wote wawili chumba kimoja, na watu wa Gatwekera wamejaa. Nitamrudisha Kasiva mnarani. Nitampigia lile baragumu. Mgonjwa atakufa, mume atapanda ngazi na panga, na Kasiva atafia mbele ya kila mtu. Halafu nitafunga daftari niwaambie Kasiva ni nani."

"Hiyo si kucheza. Hiyo ni kumshika mtu mikono umpige."

"Mimi nilishikwa mikono."

"Meza si korti, Boaz."

"Korti yenyewe ilinipa nini?"

Faisal akashika njia.

Jioni ile simu ikalia. Ujumbe.

*Umefika salama? Mbona hukuniaga vizuri leo?*

*Nimefika. Uchovu tu.*

*Pole mpenzi. Mama anauliza wazee watakuwa wangapi, apange viti.*

Boaz aliangalia neno *mpenzi* muda mrefu. Kisha akaandika:

*Wanane.*

Jumatano Nzembi akapiga.

"Boaz, kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Hunipigii. Nikipiga unaongea kama karani. Nimekukosea?"

"Umenikosea?"

"Usinirudishie swali." Alivuta pumzi. "Kuna jambo nataka kukuambia kabla wazee hawajakuja. Nimelibeba sana. Naweza kuja Gatwekera kesho?"

Boaz alikuwa ameshika randa mkono wa kushoto. Aliiweka chini polepole. Angesema njoo, mambo yote yangekuwa mengine. Lakini alikuwa amekwisha kuionja ile Jumamosi, na mtu akishaonja kisasi chakula kingine hakina chumvi.

"Kesho niko na kazi. Utaniambia Jumamosi. Mezani."

"Mezani? Mbele ya watu?"

"Kwani ni jambo la aibu?"

Upande wa pili mashine ya kopi ilizimwa.

"Sawa," Nzembi akasema. "Jumamosi." Akakata.

Alikuwa ameelewa kwamba Boaz amemtambua. Boaz hakujua kwamba alikuwa ameelewa.

Ukumbi wa Kambi Muru ulijaa mpaka madirishani. Akina mama wa Gatwekera walikaa mbele kwa sababu waliahidiwa chai. Murunga alikuja amechelewa, suti ya kahawia, tumbo mbele, akipungia kila pembe. Aliwekewa kiti chenye kitambaa, hatua tano tu kutoka kwenye meza ya mchezo.

"Vijana wangu," akasema, "nimeambiwa hapa mnapigana na majoka. Vizuri sana! Badala ya kupiga mawe, pigeni majoka!"

Watu wakacheka. Boaz akasubiri wamalize, akaweka kifuniko cha sufuria katikati ya meza.

"Mji wa Zimba," akaanza. "Mvua imekata njia. Mnarani yuko Kasiva. Chini, baragumu linalia."

Hakuhitaji kupandisha sauti. Aliongea taratibu na ukumbi ukatulia. Akawaeleza mwanamke aliye sakafuni. Akawaeleza mume na mkokoteni wake nje ya mlango, akiwa na njia mbili, kusukuma ama kungoja. Mama mmoja mbele akashika mdomo. Aliwahi kungoja pia.

"Kasiva. Mume anakuuliza tai atakuja lini. Unamjibu nini?"

Faisal aliinamisha kichwa. Audrey, ambaye hakujua lolote, alimpiga Nzembi kiwiko, "Mpe ile ya mia mbili!"

Nzembi hakufumba macho safari hii. Alimtazama Boaz tu.

"Simjibu," akasema.

"Anakulilia."

"Namsikia. Naacha baragumu hapo. Ninasimama. Ninateremka mnara niende kumtafuta tai."

Hilo halikuwa kwenye daftari. Daftarini Kasiva alidanganya, mgonjwa akafa, panga likapanda ngazi.

"Huwezi kuteremka," Boaz akasema. "Mlango wa mnara umefungwa."

"Umefungwa na nani?"

"Umefungwa tu."

"Wacha hiyo, msimulizi!" Faisal akainua kichwa. "Mlango ukifungwa kuna mtu ameufunga. Mtu akitaka kuuvunja, anatupa dadu. Hiyo ndiyo sheria ya meza hii."

"Dadu! Dadu!" vijana wa nyuma wakadakia, hata wasiojua dadu yenyewe ni ya nini.

Boaz aliona mpango wake unaponyoka. Angekataa. Msimulizi anaweza kukataa chochote, na siku hiyo meza inakufa. Yeye alikuwa fundi, na kazi aliyofundishwa na mwanamke yule yule ambaye yeye alitaka kumwangamiza ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa. Akasukuma dadu ile ya pande ishirini aliyoichonga mwenyewe.

"Kumi na tano kwenda juu. Chini ya hapo, mlango unakushinda."

Nzembi akatupa. Dadu ikazunguka ndani ya kifuniko. Audrey alisimama kuona.

"Kumi na saba!"

Ukumbi ukapiga yowe. Mwenyekiti Murunga naye akapiga makofi, anafurahia.

"Mlango umevunjika," Boaz akasema. "Unaenda wapi?"

"Kwa Bwana wa Mnara. Yule mwenye ufunguo wa banda la tai. Nimemkuta barazani kwake. Nimesimama mbele yake na matope miguuni, namwuliza: Bwana, tai yuko wapi?"

Sasa hapo. Katika mchezo huu, mtu yeyote asiye mhusika wa mchezaji, ni msimulizi anamsemea. Mlinzi wa daraja, mwizi, mfalme, sauti zote ni zake. Ina maana Boaz alitakiwa afungue mdomo awe Bwana wa Mnara. Amsemee Murunga. Atafute maneno ya kumtetea, mbele ya akina mama waliozika watu wao.

Alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Bwana, tai yuko wapi?" Nzembi akarudia. Lakini safari hii macho yake yalitoka kwa Boaz, yakaenda hatua tano mbele, kwenye kiti chenye kitambaa.

Boaz akaona alichoona Nzembi.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti ikamrudia yote. "Wewe ni mgeni wetu. Si haki ukae unatazama. Njoo ucheze. Wewe ndiye Bwana wa Mnara. Mjibu."

"Mimi?" Murunga alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Mimi niwe bwana?"

"Kwani si bwana wewe?" mzee mmoja akatupa kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Mkubwa ukimpa kiti kirefu hata cha uongo, atakikalia. Murunga alisimama, akaweka mkono kiunoni, akatoa kifua.

"Haya. Mimi ni Bwana wa Mnara! Wewe mlinzi, mbona umeacha kazi?"

"Kuna mgonjwa, Bwana. Tai yuko wapi?"

"Tai? Tai ana shughuli zangu. Bwana ana wageni, lazima wabebewe vitu."

Kicheko.

"Na mgonjwa nimwambie nini?"

"Mwambie yuko njiani!" Murunga akaugeukia ukumbi, mikono imetanuka, anataka makofi yake. "Mwananchi ukimwambia iko njiani, si anatulia? Huyu mlinzi hajui kazi!"

Vijana wachache wa nyuma walicheka. Akina mama wa mbele hawakucheka. Kicheko kile kikatembea kidogo, kikakosa mwenzake, kikafa.

Nzembi alisimama.

"Mheshimiwa, hayo umeniambia mara mbili sasa."

"Nani amekuambia nini? Tunacheza!"

"Mchezo umeisha. Naitwa Nzembi. Miaka miwili iliyopita nilikuwa napokea simu za ambulansi katika ofisi yako. Chumba cha pili, karibu na choo. Umenisahau kwa sababu nilisuka nywele." Alitoa simu ndogo ya zamani, kioo kina ufa. "Hii ni ya mwezi wa nne, tarehe kumi na nne, saa nane na dakika kumi mchana. Umeniandikia wewe: *Gari bado inabeba hema na soda za graduation ya kijana. Mtu akipiga mwambie iko njiani. Usinisumbue tena.*"

Audrey alikaa chini polepole.

"Siku hiyo walipiga watu watatu," Nzembi akaendelea. "Wa kwanza ana mtoto amemeza mafuta ya taa. Wa pili mzee ameanguka. Wa tatu..." Hapo akamtazama Boaz. "Wa tatu ni fundi wa Gatwekera. Mke wake aliitwa Joan."

"Mtoto wa mafuta ya taa ni wangu!" mama mmoja akapasua ukumbi. "Ni wangu! Murunga, ulikuja kwangu na mchele! Ulikula machozi yangu!"

"Hii ni siasa!" Murunga alifoka. "Mmetumwa! Mmelipwa na nani?"

Aligeuka aende mlangoni. Akina mama walikuwa wameshafika. Hawakumgusa, mtu asije akawasingizia. Walikaa tu chini kwenye kizingiti, mmoja kando ya mwenzake, sketi zimetandazwa, na Mwenyekiti aliyezoea kuruka madimbwi akashindwa kuruka akina mama kumi na wawili. Alisimama pale. Mmoja baada ya mwingine wakamwambia tarehe zao. Alilazimika kuzisikia zote. Ilichukua karibu saa nzima, na jasho lilimlowesha kola mpaka suti ikabadilika rangi.

Boaz aliketi akitazama. Alikuwa ameingoja saa hiyo miaka miwili, na sitaki kukudanganya ati haikuwa tamu. Ilikuwa tamu. Asikuambie mtu kwamba kisasi hakishibishi. Kinashibisha vizuri sana, taabu ni unachobaki nacho mezani baada ya kula.

Ujumbe ule ulitumwa kutoka simu hadi simu kabla watu hawajatoka ukumbini. Jumatano kamati ikamvua Murunga cheo, Alhamisi akaitwa kuandikisha taarifa polisi. Usidhani waliomvua ni watakatifu. Walikuwa na haraka kabla swali halijawafikia wao.

Lakini bado tuko Jumamosi. Ukumbi umebaki viti, vikombe na watu wawili.

"Haya, nimalize," Nzembi alisema. "Ulikuja na mapanga mawili. Najua moja ni yangu."

"Ya mia mbili ilikuwa ya nani?" Boaz akauliza. "Murunga alisema iko njiani. Hiyo ya kuhesabu ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Alikuambia useme?"

"Hapana. Ni yangu peke yangu. Watu walikuwa wanalia kwa simu, Boaz. Nilitaka wawe na kitu cha kufanya na mikono."

"Mikono yangu ilikuwa na kazi. Ilikuwa na mkokoteni."

Nzembi alishika ukingo wa meza.

"Ulijua lini kwamba ni mimi?" Boaz akauliza.

"Siku ya tatu ya ule mlango. Uliposema Joan, ukasema mwezi wa nne, ukasema Gatwekera."

"Na ukanyamaza mwaka."

"Nilinyamaza. Kila Jumamosi niliamka nikijiambia leo namwambia. Halafu nakutengenezea chai, nasema wacha anywe kwanza. Jumamosi iliyopita, nikiwa Kasiva, maneno yale yalinitoka kabla sijayashika."

"Ungenyamaza hata ndoani?"

"Nilikupigia Jumatano nikuambie. Ukakataa kusikia."

Ni kweli. Boaz alikubali kwa kichwa, akachukua kifuniko chake na dadu, akatoka.

Wiki nzima Nzembi aliandika. *Nimeacha simu wazi.* *Mama hajui kitu bado.* *Nitukane hata, lakini sema.* Boaz alisoma zote. Ijumaa akajibu mara moja tu:

*Nitakuja Jumapili.*

Jumapili Kawangware palinukia pilau. Mama Nzembi alikuwa amekopa viti kwa jirani na kutandika vitambaa alivyofuma mwenyewe. Nzembi alisimama getini na gauni la kijani. Alimwona Boaz kutoka mbali, yuko peke yake, amevaa shati la kazi, viatu vimejaa vumbi la kutoka Gatwekera.

"Wazee wako wapi?" akauliza, ingawa alishajua.

"Hawaji. Niliwapigia Alhamisi wasisafiri."

"Ungenitumia ujumbe."

"Nimekuja kwa miguu ndiyo usikie kwa mdomo wangu."

Nzembi aliangalia chini. Jirani mmoja alichungulia, akarudi ndani haraka.

"Unanichukia?"

"Ningekuchukia ningekuoa."

"Hiyo ni nini sasa?"

"Ni kweli tu. Murunga nilitaka aumie, na ameumia, nimemaliza naye. Wewe sijamaliza na wewe. Usiku wa Jumatano nilijikuta kitandani nikipanga. Nilikuwa nakupangia miaka thelathini, Nzembi. Ndani ya nyumba yangu, unanipikia, unanifulia, na siku ukichelewa dukani dakika kumi nakuuliza kama uko njiani. Mtoto akipata homa nakuambia hesabu pumzi. Nilikuwa nimeipanga yote. Na nilikuwa nafurahia."

Machozi yalikuwa yamemjaa Nzembi, lakini hakuyafuta.

"Ningevumilia," akasema.

"Najua," Boaz akamjibu. "Ndiyo sababu nimekuja kukuacha."

Mama Nzembi akatokea mlangoni na kanga mpya kiunoni, anajipangusa mikono, uso umechanua.

"Nzembi! Wageni wamefika?"

"Amefika mmoja, mama," Nzembi alisema, bila kugeuka. "Hakai."